Mashine ya boti hainunuliwi kwa macho, utalia na petroli!

NAJUA kuna msomaji ameshaanza kucheka. "Huyu naye! Mashine ya boti, Dodoma hii? Mji wa zabibu na vumbi, hiyo boti ataiendeshea wapi, Nyerere Square?"

Cheka tu, mpenzi msomaji, mdomo ni wako. Ila ukishamaliza kucheka jiulize swali moja dogo. Yule perege wa kukaanga uliyemla jana jioni pale Majengo, na ugali wako wa moto na pilipili pembeni, unadhani alishuka na mvua?

Perege yule huenda katoka Mtera. Na kutoka kwenye nyavu mpaka kwenye sahani yako kuna vijana wenzetu wanaolala na kuamka juu ya maji. Ndiyo maana wiki hii naomba tuyape likizo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie mshiko. Tena nazungumza kwa uchungu, maana mimi na washkaji zangu wawili tuliingia mkenge wa kununua mashine, na nusura tusirudi nyumbani kusimulia.

Bahari yetu sisi watu wa bara

Kwa wale ambao hawajafika, Mtera ni bwawa kubwa lililoko mpakani mwa Mikoa ya Dodoma na Iringa. Ukipanda basi la Iringa asubuhi, mkishapita Mlowa, Fufu na Chipogoro, utaona maji yamejaa mbele kama bahari, na basi linapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Wageni huwa wanasimama kwenye viti kuchungulia.

Maji yale ni ya Mto Ruaha Mkuu na Kisigo. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kutunza maji ya kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini, na mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kutoa umeme wake, megawati 80. Likijaa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Hilo si dimbwi, bwana! Ni maji ya kupotelea mtu.

Lakini Mtera ina mambo yake mawili ambayo Tanga wala Zanzibar huyakuti. La kwanza, lilipojengwa bwawa msitu ulizama na miti yake. Mingine mpaka leo imesimama majini mikavu kama mifupa, na mingine imebaki visiki ambavyo huvioni mpaka ukivigonga. La pili, maji yanapanda na kushuka. Yakijaa yanafika kama mita 698 kutoka usawa wa bahari, yakishuka mpaka mita 690 hivi ndiyo wazee wa umeme wanaanza kukuna vichwa. Mita nane ni kitu kidogo kwenye karatasi. Kwenye ardhi tambarare kama ile, maji yanarudi nyuma kilomita nzima, na njia uliyopita mwezi wa 5 salama salimini, mwezi wa 11 imejaa visiki na tope.

Mtu aliyenunua mashine bila kuyajua hayo mawili, huyo kanunua kasheshe. Sisi tulikuwa watu hao.

Tulivyojifanya wajanja

Tulikuwa watatu, wote tumemaliza kidato cha nne shule moja. Mmoja anakaanga chipsi pale Sabasaba, mwingine ana bodaboda, wa tatu ni mimi ninayeishi kwa kuandika makala kama hizi (usiulize nalipwa nini). Tukacheza upatu, tukakopa kidogo, tukanunua boti ya mbao ya mita 7 kule Mtera. Mpango ulikuwa mwepesi: wavuvi wako kambini ng'ambo, samaki wanaharibika kwa kuchelewa kufika mwaloni. Sisi tutawafuata na barafu, tutawachukua samaki, tutawawahisha barabarani, gari linapakia kwenda Dodoma. Kama kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Biashara bomba!

Ikabaki mashine. Hapo ndipo ujana ulipotuponza. Tukashuka Dar es Salaam, tukaingia kwenye duka moja ambalo jina lake nalihifadhi. Muuzaji ana suti na maneno matamu. Akatuonyesha mashine ndogo ya HP 15, yaani nguvu za farasi 15. Sisi tukaicheka, ile si ya kusagia nyanya? Pembeni yake imekaa HP 40, mtumba, rangi inang'aa, bonge la mashine. Mshikaji wa bodaboda akaipapasa kama anapapasa mchumba.

"Hii ndiyo mashine ya wanaume," muuzaji akasema. "Na ukinunua kubwa hutanunua tena."

Tukatoa ngawira zote. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la maana, na yeye hakutuuliza boti yetu ina urefu gani, inabeba nini, inapita maji gani. Ukiona muuzaji wa mashine hakuulizi hayo, msomaji wangu, chukua kofia yako uondoke.

Usiku wa viboko

Siku ya kwanza watu walijaa mwaloni kututazama. Tukapachika mashine, tezi ikazama karibu ya maji kuingia, omo ikainuka juu kama farasi aliyeona nyoka. Tukapiga moto. Kelele zilikuwa za ndege, lakini mwendo... hata haukuwa wa ajabu! Boti ililima maji, ikatengeneza wimbi kubwa nyuma, na kila tulipoongeza moto ndivyo ilivyozidi kukaa chini. Safari ambayo wenzetu walitumia lita 12 za petroli, sisi tulichoma lita 30. Baada ya wiki tatu ubao wa nyuma ukaanza kupiga ufa kwa uzito na mtetemo.

Siku ya kasheshe yenyewe tulikuwa tunarudi saa 11 jioni, tumepakia kilo 180 za perege. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unaujua mwenyewe, ukivuma jioni haujui mkubwa wala mdogo. Ghafla tukasikia, ngo! Propela imegonga kisiki. Mashine ikaendelea kunguruma kama kawaida, lakini boti haiendi. Raba iliyomo ndani ya propela ilikuwa imeachia, panga limepinda.

Mshikaji wa chipsi akauliza kwa sauti ndogo, "Makasia yako wapi?"

Makasia tulikuwa tumeyaacha nchi kavu. Kasia la nini, na sisi tuna HP 40?

Upepo ukatusukuma mpaka kwenye miti mikavu, tukajifunga na kamba kwenye mti mmoja, giza likaingia. Tulikuwa watu watatu na jaketi la kuokolea moja. Mshikaji wa bodaboda hajui kuogelea, tukamvalisha yeye. Viboko wakaanza kuguna karibu yetu. Mamba tulijua wapo, tukakubaliana tusiwataje. Usiku ule nilijifunza sala ambazo tangu kipaimara nilikuwa nimezisahau.

Alfajiri akatokea mzee mmoja na kasia lake, anakagua nyavu. Anavua Mtera tangu miaka ya 1980. Akatuangalia, akaiangalia mashine, akaiangalia boti, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmelala huku?"

"Ndiyo mzee, mashine imetuangusha."

"Mashine haijawaangusha," akasema. "Ninyi mmemvika mtoto viatu vya baba yake, mnataka akimbie."

Samaki wote wakaoza. Tukamlipa mzee kwa asante tu, maana mifuko ilikuwa imechacha. Lakini siku ile, tumekaa chini ya mti tunakunywa chai ya rangi, alitupa darasa ambalo hata sekondari sikulipata. Baadaye nikaenda kwa mafundi na kusoma vitabu vya mashine kuhakiki, nikakuta mzee yuko sawa karibu kwa kila kitu. Leo nakugawia bure.

Boti ya kulima na boti ya kupaa

Somo la kwanza: jua boti yako ni ya aina gani. Kuna boti za faiba, nyepesi, zina tumbo bapa kwa nyuma. Hizo zikipata nguvu zinapaa, zinateleza juu ya maji kama jiwe la kurusha. Hapo HP 40 inafanya kazi yake.

Halafu kuna boti za mbao kama yetu, nzito, zenye mzigo. Hizo hazipai. Zinalima. Na boti ya kulima ina mwendo wake wa mwisho unaotokana na urefu wake. Ya mita 7 mwisho wake ni kama kilomita 12 kwa saa. Ukitaka kuvuka hapo unapanda mlima wa maji uliojitengenezea mwenyewe, hata ufunge mashine ya meli. Kinachoongezeka ni kelele na petroli.

Kwa boti ya kulima, hesabu ya mafundi wengi ni nguvu za farasi 4 au 5 kwa kila tani. Twende pamoja. Boti yetu kilo 500, watu watatu kilo 210, samaki na barafu kilo 600, mashine na mafuta kilo 90. Jumla kilo 1,400, haifiki hata tani moja na nusu. Zidisha kwa 5, unapata HP 7. Ongeza akiba ya upepo na dharura, unafika 10 au 15. Sisi tulikuwa na 40! Si matanuzi hayo?

Na siri nyingine: boti ya kulima ukiipunguzia mwendo kidogo tu, inakurudishia petroli nyingi. Mashine ya HP 15 ya mzunguko wa mbili ikifunguliwa mpaka mwisho inakunywa kama lita 7 kwa saa. Ikiendeshwa kwa ustaarabu inakunywa 4 hivi. Unachelewa dakika chache, lakini unabaki na nauli.

Mzee aliliweka kwa maneno yake: "Mashine unainunua siku moja. Petroli unainunua kila siku."

Huku juu mashine zinakosa pumzi

Somo la pili watu wa pwani hawalijui kabisa. Injini inavuta hewa kama mimi na wewe. Ukipanda juu hewa inapungua, na injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Mtera tuko karibu mita 700, kwa hiyo HP 15 ya Dar es Salaam ikifika kwetu inabaki kama 14. Hombolo ni zaidi ya mita 1,000. Ziwa Victoria liko mita 1,134, na kule mashine inaacha zaidi ya sehemu moja ya kumi njiani kabla hata hujaiwasha.

Je, ununue kubwa zaidi kufidia? Hapana. Dawa ni propela. Kila propela imeandikwa namba mbili, upana wake na hatua yake, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja. Boti ya mzigo, tena ya nyanda za juu, inataka hatua fupi. Ni kama gari la mzigo kupanda Mlima Kitonga, hupandi na gia ya tano, unarudisha gia. Propela ya hatua ndefu ukiifunga kwenye boti nzito mashine inahema, haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, inachemka, inakufa kabla ya siku zake. Na ukinunua propela, nunua mbili. Ya pili kaa nayo ndani ya boti, pamoja na spana yake.

Mguu mfupi au mrefu?

Mashine hizi zina miguu ya urefu tofauti. Mfupi ni wa ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38, mrefu ni wa sentimita 51. Pima ubao wako kabla hujapanda basi! Kuna ubapa mdogo juu ya propela, ule unatakiwa kukaa sawa na chini ya boti, au ushuke kama inchi moja tu. Mguu ukiwa mfupi mno propela inakula hewa, mashine inapiga mayowe bure. Ukiwa mrefu mno unatafuta visiki kwa hiari yako mwenyewe.

Na kwenye maji ya visiki usifunge ile komeo ya kuzuia mashine isinyanyuke. Iache huru, ili mguu ukigonga uruke juu wenyewe badala ya kuvunjika. Mashine nyingi ndogo zina pini laini kwenye propela, hiyo imewekwa makusudi ikatike yenyewe kuokoa gia. Pini moja bei yake ndogo, gia bei yake utauza godoro. Lakini kuna wajuaji wanaondoa pini wanaweka msumari! Mtu wa namna hiyo hata mchumba usimkabidhi.

Kwenye tope na majani kabisa, wenzetu wa Thailand wana ujanja wao wa mkia mrefu. Wanachukua injini ya kawaida, wanaifunga chuma kirefu chenye propela mwisho, wanapita hata kwenye maji ya magotini. Haina mbio, lakini kwa mabwawa yetu yanayokauka si wazo la kudharau.

Mizunguko miwili au minne?

Hapa ndipo vijiwe vinapigana. Mashine ya mizunguko miwili ni ile ya kuchanganya oili na petroli. Ni nyepesi: HP 15 ina kama kilo 36, kijana mmoja anaibeba begani mpaka nyumbani. Ni rahisi kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana Yamaha Enduro imetapakaa kuanzia Mafia mpaka Kigoma. Ubaya wake ni uchoyo na uchafu, inaweza kutema hata robo ya petroli majini na hewani bila kuichoma. Marekani na Ulaya wameshazibana kwa sheria mashine za aina hiyo.

Ya mizunguko minne haichanganywi oili, inakunywa kidogo, haina moshi. Honda hawajawahi kutengeneza mashine ya boti ya aina nyingine. Lakini HP 15 yake inafika kilo 50 hivi, bei ya kuanzia iko juu, na inataka kubadilishiwa oili kwa wakati kama gari.

Uamuzi? Fanya hesabu ya saa. Kama boti yako inafanya kazi kila siku kutwa, minne inarudisha gharama kwa petroli inayookoa. Kama unatoka mara mbili kwa wiki na huna pa kuweka kitu kizito, miwili haina ubaya. Ila kuna swali linalopita yote hayo: jirani yako mwaloni ana mashine gani? Nunua ya jamii hiyo. Siku impela imekatika saa 12 asubuhi na samaki wanaoza, sifa za kwenye karatasi hazitakusaidia. Atakusaidia jirani mwenye impela kama yako.

Zamani kulikuwa na ujanja wa mashine za mafuta ya taa, maana yalikuwa bei poa. Ujanja huo uliisha mwaka 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji. Na siku hizi upande wa Kenya, Ziwa Victoria, kuna wavuvi wanaokodi mashine za betri. Tuombe uzima, na huku zitafika.

Kidogo cha mapenzi

Najua kuna dada amefika hapa anapiga miayo. Basi sikia. Hadithi maarufu ya mashine hizi inaanzia kwa mpenzi. Ole Evinrude, Mnorwei aliyekulia Marekani, mwaka 1906 alikuwa kwenye ufukwe wa ziwa kule Wisconsin na mchumba wake Bess. Bess akatamani aiskrimu. Jamaa akapiga kasia kwenda kuifuata, jua kali, na kufika aiskrimu imekuwa uji! Hapo ndipo inasemekana alipoapa kutengeneza mashine ya kupachika nyuma ya boti. Mwaka 1909 akaanza kuziuza, na Bess akashika upande wa biashara na matangazo. Walikuwepo waliojaribu kabla yake, lakini yeye ndiye aliyezifanya ziende mjini. Umeona? Aiskrimu iliyoyeyuka ni ndugu wa perege aliyeoza. Shida ni ileile ya kuwahi.

Ukinunua mtumba

Kitu na boksi ni raha, lakini si wote tuna mfuko huo. Kama ni mtumba, fanya hivi. Fungua plagi uziangalie, kisha mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda, na zisipishane sana. Legeza skrubu ya oili ya gia chini ya mguu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Mashine iwashwe ikiwa kwenye pipa la maji, siyo hewani, na utazame "mkojo" wake, ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni. Ukitoka kwa nguvu, pampu ni nzima. Ukidondoka kama bomba la mtaani kwetu, kimbia. Soma namba ya mashine, ilingane na ya kwenye risiti, isije ikawa ya wizi. Kule Ziwa Victoria wavuvi wamelia miaka mingi na majambazi wanaopora injini majini, na mali hizo lazima zinauzwa mahali fulani.

Uliza pia imetoka maji gani. Iliyofanya kazi baharini imekunywa chumvi, na chumvi inakula njia za maji za ndani huku rangi ya nje inang'aa. Rangi mpya kwenye mashine ya zamani ni kama poda nyingi usoni, kuna kinachofichwa.

Huku kwetu chumvi hakuna, lakini kuna tope. Tope linatafuna impela. Kama unapita maji machafu ibadilishe kabla haijafa. Petroli ichuje, madumu yetu unayajua. Oili changanya kwa kipimo, siyo kwa jicho. Mashine nyingi za mizunguko miwili zinataka 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 unatia mililita 400. Ikiwa mpya inataka oili zaidi saa za mwanzo, soma kitabu. Tena fungia mashine na kamba au mnyororo kwenye boti. Zile skrubu za kubana zinalegea kwa mtetemo, na kuna mashine nyingi zimelala chini ya Mtera kwa uzembe huo. Na ile kamba ya kuzimia ifunge mkononi, ukianguka majini mashine izime badala ya kukurudia na panga lake.

Sisi tuliishia wapi?

Tuliiuza ile HP 40 kwa hasara ya kuumiza. Aliyenunua ni bwana mmoja mwenye boti ya faiba, na juzi nimesikia anaisifia mpaka basi! Yaani mashine haikuwa mbaya. Ndoa ndiyo ilikuwa mbaya.

Tukanunua HP 15, mguu mfupi, propela ya hatua fupi, jamaa yake zile tatu nyingine za pale mwaloni. Ubao wa nyuma tukauimarisha kwa mninga. Kila mtu ana jaketi lake. Safari ya kilomita 30 inakula lita 12, wakati mwingine 13 upepo ukiwa mbele. Deni la kwanza tumeshalipa, tumebakiza la mama mmoja ambaye naomba asisome gazeti hili.

Na makasia mawili yako ndani ya boti muda wote. Mshikaji wa chipsi ameyapaka rangi nyekundu ili tusiyasahau, na kabla hatujasukuma boti majini kuna swali moja anatuuliza kwa sauti kubwa, watu wote mwaloni wasikie: "Makasia yako wapi?" Tukishamjibu ndipo mashine inapigwa moto.

Wewe unayejipanga kununua, chukua kalamu. Uzito wa boti na mzigo. Kimo cha ubao wa nyuma. Maji unayopita na visiki vyake. Lita kwa safari. Jirani ana mashine gani. Ukiwa na majibu hayo matano mfukoni, nenda dukani ukiwa kifua mbele. Huna hata moja? Kaa kwanza chini ya mti na mzee yeyote mwenye kasia, mpe chai, umsikilize.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwa leo acha nikimbilie basi la Mtera, perege hawamsubiri mtu.